Mume anataka Mombasa, mimi nataka Nakuru, na mtoto bado tunamngojesha

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Pipeline, Embakasi. Nina umri wa miaka 33, ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti hapa Nairobi, kazi ya kudumu yenye pensheni. Mume wangu ana miaka 37, ni fundi wa friji na viyoyozi, amejiajiri. Tumeoana miaka minne sasa. Hatuna mtoto, na wala si kwamba Mungu ametunyima. Tumekuwa tukingoja tupate mahali pa kumlea.

Nikueleze tunapoishi. Tuko ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa nane. Dirisha la chumba cha kulala linatazama ukuta wa jirani, nikinyoosha mkono naugusa. Taa ya sebuleni huwaka saa sita mchana. Nguo tukianika zinakaa siku mbili na bado zina unyevu. Watoto wa majirani huchezea kwenye ngazi kwa kuwa hawana pengine. Kwa sasa kazini niko kliniki ya watoto, na mara kwa mara mama huniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu miguu imepinda kwa matege. Nikimuuliza anakoishi, ananitajia jengo ninalolijua. Nikirudi nyumbani jioni nasema hapana, wangu hatalelewa hapa. Mume wangu anakubali. Hapo hatubishani hata kidogo.

Tunabishana pa kwenda. Kwao ni Kakamega, lakini alizaliwa na kukulia Changamwe, baba yake alipokuwa akifanya kazi bandarini. Baba alipofariki, mama alirudi mashambani na ndugu zake wakatawanyika, ila moyo wa mume wangu haujawahi kutoka Mombasa. Ana rafiki waliyesoma naye chuo mwenye kandarasi za viyoyozi katika hoteli za Bamburi na Nyali, na amemwita washirikiane. Sasa ameonyeshwa ploti upande wa Kilifi, anataka nichukue mkopo wa Sacco tuinunue upesi kabla haijaenda kwa mwingine. Mpango wake ni atangulie yeye, mimi nibaki Nairobi hadi nipate uhamisho, nimfuate, ndipo tuzae.

Mimi nataka Nakuru. Mama yangu yuko Njoro. Dada yangu mkubwa yuko Lanet, ana duka la nafaka mbele ya nyumba yake, na amesema waziwazi kwamba nikirudi kazini baada ya kujifungua nimpelekee mtoto, kwani wake wamekua. Hali ya hewa ni nzuri, na Nairobi si mbali. Nilipomwambia mume wangu, alisema yeye hawezi kwenda kuishi nyuma ya rinda la mama mkwe. Mabishano yakapanda, akaniuliza, "Unataka mtoto awe na meno kama yako?" Shangazi, meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu utotoni kwa sababu ya maji ya kwetu. Aliomba msamaha usiku huohuo. Lakini tangu siku hiyo nikicheka nafunika mdomo, na zamani sikuwa hivyo.

Mama mkwe naye, ambaye nampenda, haoni haja ya miji yote hii. Anasema nizae, mtoto akiacha ziwa nimpeleke Kakamega, sisi tuendelee kutafuta pesa. Wenzangu kazini wanasema Eldoret, eti sasa ni jiji na nyumba bado ni nafuu. Nimechanganyikiwa.

Naomba uniambie, ni Nakuru au Mombasa? Na je, tuzae kwanza au tuhame kwanza?

Muuguzi, Embakasi

*

Binti yangu,

Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililoniuma. Msimfungie mtoto katika mambo ya kuhama. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mwajiri wako ni kaunti. Ili uhame, kaunti moja ikubali kukuachilia na nyingine ikubali kukupokea na kubeba mshahara wako. Hilo laweza kuchukua miezi michache, laweza kuchukua miaka, na hakuna atakayekupa tarehe. Ukisema "tukishahama ndipo tuzae", umeweka uzazi wako kwenye faili iliyo juu ya meza ya mtu asiyekujua. Una miaka 33. Wewe ni muuguzi, unajua kunishinda jinsi mambo yanavyozidi kuwa magumu baada ya 35, na unajua kwamba si kila anayeamua leo hushika mimba mwezi ujao. Barua yako inaonyesha watu wawili walio tayari kuwa wazazi. Basi anzeni, na mambo ya mji yaendelee kando.

Najua utaniuliza, nizalie Pipeline? Hapana. Nimeisoma tena sehemu ile unayoeleza mnapoishi, na naona kila unacholalamikia ni jengo: ukuta, ngazi, nguo zisizokauka, taa ya mchana. Una haki. Matege unayoyaona kliniki ni matokeo ya watoto kukosa jua, na kinga yake kubwa ni jua na chakula bora kabla mifupa haijapinda. Lakini jua liko Nairobi pia. Hamieni kwa muda nyumba yenye dirisha linaloingiza mwanga, hata iwe ndogo kuliko hiyo, mahali ambapo majengo hayajabanana. Tembeeni Utawala, tembeeni Komarock, mwone. Nauli ya kwenda kazini itapanda kidogo, na hiyo ni gharama ninayoiona inafaa. Mkifanya hivyo tu, mtaacha kutafuta mji mpya kama watu wanaokimbia moto, na mtachagua kwa utulivu.

Sasa miji yenyewe. Watu wakitafuta mji wa kuanzia familia hupima kodi ya nyumba, hali ya hewa, shule, usalama, umbali wa bahari. Yote ni ya maana, na shule mtakuwa na miaka minne ya kuitafuta. Mimi naomba mpime siku moja: Jumanne ya kawaida, mtoto akiwa na miezi minne. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba anapata wiki mbili kama ameajiriwa. Wako amejiajiri, kwa hiyo atapata anazojipa mwenyewe. Jumanne hiyo umesharudi kazini. Kaeni mezani wewe na mumeo, mwulizane nani amemshika mtoto, saa kwa saa, tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili.

Tuijaribu Mombasa kwanza. Kliniki ya watoto ni ya muda tu; muuguzi huzungushwa, na ukifika mahali wewe ni mgeni hutapewa zamu nzuri. Tuseme uko wodi usiku. Saa nane usiku simu ya mumeo inalia: chumba cha baridi cha hoteli kimezima, kuna nyama na samaki wa wageni wa wiki nzima. Fundi asipofika kabla ya alfajiri, kandarasi inakwenda kwa fundi mwingine. Mtoto wa miezi minne amelala. Baba anafanya nini? Anamwamsha dada wa kazi mliyemjua mwezi uliopita, anamwachia, anatoka. Huko wodini wewe unahesabu masaa. Katika nyumba nyingi ni kazi ya mtu mmoja inayoita usiku. Katika nyumba yenu zinaita zote mbili, na hili sikuliona popote katika barua yako, ingawa naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mombasa mna rafiki wa mumeo, ambaye usiku huo huenda naye yuko juu ya ngazi anafungua kiyoyozi. Hamna mama, hamna dada, hamna shangazi.

Sasa Nakuru. Zamu ni ileile ya usiku, maana uuguzi ni uuguzi. Simu ya mumeo inaweza kulia vilevile. Lakini jioni kabla hujaingia kazini umepita Lanet, umemkabidhi mtoto kwa mtu aliyekubeba wewe mwenyewe mgongoni, pamoja na maziwa uliyokamua. Asubuhi unamkuta ameoga, amekaa mapajani pa dada yako nyuma ya kaunta, kati ya magunia ya maharagwe, wateja wanamsalimia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya miji hii miwili, na kwangu ni kubwa mno.

Hii haina maana kwamba mumeo anasema upuuzi. Kuhusu kazi yake yuko sahihi. Joto la Pwani halina likizo, na hewa ya chumvi hula mitambo ya viyoyozi iliyofungwa nje ya majengo. Fundi hodari hatakosa cha kutengeneza. Lakini hoteli zina misimu. Pasaka ikipita, mvua za Aprili na Mei zikaingia, wageni hupungua, hoteli hubana matumizi na mafundi husubiri malipo. Mjue pia habari ya maji. Kisiwa cha Mombasa na mitaa inayokizunguka hutegemea maji yanayotoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale. Bomba likipasuka mbali huko, watu wananunua mtungi kwa mtungi kutoka kwenye mikokoteni, na visima vingi vina chumvi. Malaria iko kuliko Nairobi, ndiyo sababu kliniki za Pwani na zile za eneo la Ziwa huwapa wajawazito dawa ya kuwakinga. Hayo yote familia nyingi zinaishi nayo na watoto wanakua vizuri. Kama mngekuwa na mtu huko, ningekwambia nendeni kwa amani.

Nadhani kuna jambo jingine ndani ya hamu yake, na ningependa umuulize kwa upole. Changamwe anayoikumbuka ilikuwa na mama yake ndani. Baba alienda bandarini, akirudi amechoka, na mtoto alikuwa na mtu wa kumpokea kutoka shuleni, kumlisha, kumwita jioni atoke barabarani. Akifunga macho akaiona Mombasa, anaona bahari na anaona utoto wake uliotunzwa. Mwambie unataka mtoto wenu apate hicho hicho alichokipata yeye. Kisha mtafute pamoja ni wapi leo kinapatikana.

Hofu yake kuhusu mama mkwe usiipuuze, na usiigeuze kuwa kiburi. Kwa Waluhya wengi, mume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Halali kwao, hapishani naye ovyo mlangoni, na kuna nyumba ambazo mama mkwe haingii bila utaratibu. Mtu aliyelelewa hivyo, hata kama amekulia Pwani, akisikia "tuhamie kwa kina mama" mwili mzima unakataa. Kwa hiyo mpe mipaka anayoweza kuishi nayo. Msipange nyumba Njoro. Msipange kwenye uwanja wa dada yako Lanet, hata akiwapa bure. Pangeni mjini Nakuru kwa pesa zenu, nyumba ambayo mumeo ndiye aliyeitafuta na kuzungumza na mwenyewe. Mtoto ndiye apelekwe Lanet na kurudishwa. Mama yako akitaka kumwona mjukuu, mpeleke Njoro Jumapili. Na kama kwa kina mumeo kuna jambo linalofanywa kabla mama mkwe hajakanyaga nyumba ya mkwewe, lifanyeni mapema, msingoje siku mtoto anaumwa na bibi yuko mlangoni.

Halafu riziki yake, maana mwanaume hawezi kuhamia mji kwa kuwa mke ana dada huko. Anadhani friji na viyoyozi ni mambo ya bahari na joto. Mwambie afikirie maua. Naivasha iko ndani ya Kaunti ya Nakuru, na mashamba ya maua ya pale hayawezi kuuza hata waridi moja Ulaya bila vyumba vya baridi. Ua likishakatwa shambani linatakiwa lipoe haraka na libaki limepoa hadi uwanja wa ndege. Afikirie maziwa. Njoro, Molo, na ng'ambo kule Nyandarua kuna vyama vya wafugaji vyenye matangi ya kupozea maziwa, na tangi likizima jioni maziwa yote ya kijiji yanamwagwa asubuhi. Kuna mabucha, maduka makubwa, mochari, friji za chanjo katika zahanati ambazo wewe mwenyewe unajua zinavyosumbua. Hii ni kazi isiyofuata msimu wa watalii, kwa kuwa ng'ombe hukamuliwa kila siku.

Lakini asiniamini mimi. Aende mwenyewe. Ningependa achukue wiki mbili aende Nakuru peke yake, alale gesti, asiende kwa shemeji yake wala Njoro, azunguke Naivasha, Gilgil, Njoro na mjini akiwa na vifaa vyake, aulize nani anatengeneza nini na analipwa vipi. Akirudi na habari mbaya, habari hizo zina uzito kuliko ushauri wangu, na wewe itabidi uzisikilize. Akirudi amepata hata wateja wawili wa kuanzia, atakuwa anahamia mji aliouona kwa macho yake.

Nije kwenye meno, kwa sababu kuna mambo mawili pale na msiyachanganye. La kwanza ni neno alilokwambia. Aliomba msamaha, vizuri, lakini wewe bado unafunika mdomo, na yeye pengine anadhani yamekwisha. Mwambie hayajaisha. Mwambie waziwazi, bila kungoja ugomvi mwingine, kwamba tangu siku ile hucheki kama zamani. Anastahili kujua, na wewe unastahili kusikia jibu lake akiwa hana hasira.

La pili ni maji, na hapo hofu yake ina msingi. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Njoro na Nakuru zikiwemo, yana floraidi (madini yanayotia meno madoa yakizidi) inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unayoyanywa yanakuwa makali zaidi. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mdogo hadi kufikia miaka minane hivi, na huo ndio muda wa kumlinda. Akiwa ananyonya tu hana shida, maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji ya kisima. Mashaka yanaanza unapokoroga uji. Kwa hiyo kabla hamjalipa kodi ya nyumba yoyote Nakuru, muulizeni mwenyewe maji yanatoka wapi, bombani au kisimani, na kisima cha nani. Chukueni chupa mkapime. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, kwani hayana floraidi ya kutisha. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyopunguza floraidi, Nakuru wanavijua kwa miaka mingi. Ila mkaa ule huchoka na lazima ubadilishwe. Mwambie dada yako pia, maana mtoto atakuwa anakunywa kwake. Wazazi wako hawakuwa na njia ya kulijua hili mapema. Nyinyi mnalijua kabla mtoto hajazaliwa.

Eldoret nitaipitia haraka. Ni mji ninaoupenda, ulipata hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, Nakuru ikiwa imeipata Desemba 2021, na hospitali ya rufaa ya Moi pale ni kubwa. Lakini Jumanne ile mtakuwa hamna mtu, kama Mombasa, na mumeo hana hata rafiki wa kandarasi. Wenzako wamekwambia kwa nia njema. Wacha ipite.

Mama mkwe mjibuni kwa heshima na ajibiwe na mwanawe, usimjibu wewe. Mjukuu ataenda Kakamega likizo, atalala na bibi yake, atajua kwao na lugha ya kwao. Wakati huo mfungieni neti yenye dawa, kwa kuwa Magharibi malaria ni kali kwa mtoto aliyezaliwa mahali pa baridi. Kulelewa, atalelewa na wazazi wake. Ulisema unampenda, basi mkaribisheni mama wakati wa kujifungua, aje akae nanyi zile wiki za mwanzo. Kwake ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani, na mumeo atapata kuona mama yake mwenyewe akiwa ndani ya nyumba yake, jambo ambalo litamlainisha hata kwa habari ya mama yako.

Ploti ya Kilifi, usiweke sahihi. Mkopo unatoka kwa mshahara wako, na barua yako haisemi hati itakuwa kwa jina la nani. Pwani ina historia ndefu ya ardhi yenye hati ya mtu mmoja na wakaaji wengine juu yake tangu zamani, na anayekuharakisha ununue kabla haijachukuliwa ndiye wa kuogopa. Zaidi ya hayo, mkopo huo utakufunga Nairobi: hutaweza kuchukua likizo bila malipo hata siku moja, hutaweza kulipa nyumba yenye jua, wala kumlipa msaidizi mzuri. Na hata Nakuru, msinunue kwanza. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010 na kumeza nyumba za watu upande wa Mwariki, na kuna sehemu za mji ambapo mvua kubwa hufungua nyufa ardhini. Pangeni, mkae mvua za masika na za vuli zote zipite mkiwa hapo, ndipo mtajua barabara gani haipitiki na mtaa gani unafurika. Siku ya kununua ikifika, upekuzi ufanywe ofisi ya ardhi na majina yote mawili yaingie kwenye hati.

Na huo mpango wa yeye kutangulia na wewe kubaki sikubaliani nao kabisa. Nimeona ndoa nzuri zikigeuka kuwa za simu kwa njia hiyo, na hapa kuna mimba inayotafutwa. Kama rafiki yake ana kazi nyingi Desemba hoteli zikijaa, aende afanye wiki kadhaa, apande treni arudi na pesa. Hiyo ni kazi ya msimu, inakubalika. Kukodi nyumba mbili katika miji miwili mkisubiri uhamisho usio na tarehe, hapana.

Kwa hiyo jibu langu ni Nakuru, kwa sharti la zile wiki mbili za mumeo. Kwa upande wako, usijiuzulu kazi kwa ahadi ya mdomo ya mtu yeyote, hata akiwa mkubwa kiasi gani; kazi yenye pensheni haipatikani tena kwa urahisi. Andika barua ya kuomba uhamisho mwezi huu, ipitie kwa msimamizi wako, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ulizia kwenye makundi ya wauguzi kama kuna mwenzako wa Nakuru anayetaka kuja Nairobi, kwa sababu mkibadilishana kaunti zote mbili hupata urahisi wa kukubali. Na kabla hujakubali nafasi, uliza utawekwa kituo gani. Kaunti ile inaanzia Naivasha hadi Kuresoi. Ukipelekwa Kuresoi huku mtoto yuko Lanet, mpango wote umeharibika, ni afadhali ungoje nafasi ya mjini, Njoro au Gilgil. Wakikataa mara ya kwanza, niandikie tena na unitumie sababu waliyoandika, tuone pa kusukuma.

Shangazi